Tulisimama Kuomba Ndani ya Boti

Kamati ya kanisa letu huku Machakos ilinunua boti ya kuvukia bwawa, ikakataa kumlipa mkufunzi wa usalama. Eti ni ghali, na bwawa si bahari. Siku ya kwanza tulipanda akina mama wa kwaya, hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Katikati ya maji mwenyekiti wa kamati, tuliyekuwa naye botini, akakumbuka hatujaombea safari. "Tusimame tuombe," akasema. Tukasimama sote, macho tumefumba. Boti ikalala upande, maji baridi yakaniingia viatuni, nikamkaba jirani yangu shingo. "Kaeni chini!" nikapiga mayowe, mkojo ukinitoka. Wakakaa, wengine wakininunia kwa kukatiza maombi.

Kamati bado inasema mkufunzi ni ghali. Mimi kanisani wakisema tusimame, nashika benchi kwanza.