Sufuria Juu ya Ruta

Nduwayezu wa Makere huchapa ratiba za mazishi nyumbani kwake. Siku hiyo waombolezaji walikuwa wanasubiri, na printa yake ya waifai haikuonekana kabisa kwenye simu. Aliizima na kuiwasha mara sita.

"Unagombana na nani?" mama yake, Esteri, aliuliza kutoka jikoni.

"Na hili dude, mama! Marehemu atazikwa bila ratiba."

"Labda ni ile ruta ya intaneti. Nimeifunika kwa sufuria. Vitaa vyake vinavyometameta vinaita radi."

Nduwayezu alishusha pumzi, akaenda kuifunua. Printa ikaanza kutema karatasi, lakini ilipofika ya ishirini ikasimama. Alipogeuka, mama alikuwa anairudisha sufuria.

"Kumenguruma tena, mwanangu."

Akazibeba zile ishirini. Waombolezaji wangesoma wawili wawili.