Mkono Alioufunga Mama

Hapa Brussels kila familia ya kwetu ina ndugu aliyekuwa mkubwa wa kitu fulani. Mmoja alikuwa kanali, mwingine aliimba na bendi ambayo leo huwezi kuisikia popote. Tunasikiliza, tunaitikia, tunamwongezea chai. Kwa hiyo nikisema mdogo wangu Djibril alikuwa nyota wa besiboli Marekani, watu wa kwetu wa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, wananitazama kwa huruma, halafu wananiuliza besiboli ndiyo nini.

Nimechoka kueleza, ila nitaeleza mara moja. Mtu mmoja anasimama juu ya kichuguu cha udongo na kurusha mpira mdogo, mgumu kama jiwe. Mwenzake anamngoja na rungu, anataka kuupiga. Yule anayerusha ndiye roho ya timu. Djibril alikuwa mrushaji, na kwa misimu minne huko Marekani watu elfu arobaini walisimama kila alipopanda kichuguu kile. Katika mji wa viwanda alikochezea walimchora kwenye ukuta wa jengo la ghorofa tatu. Mama alitumiwa picha ya ukuta huo, akauliza kwa nini wamempa mdomo mkubwa hivyo.

Leo ana miaka thelathini na moja, anakaa kwangu Molenbeek, na kazi yake ni kutoa funguo za vyumba vya kubadilishia nguo kwenye ukumbi wa michezo wa manispaa. Wanaochukua funguo hawamjui.

Tulifika Ubelgiji mwaka 1999, Mama na sisi wawili. Baba alibaki kwenye udongo wa Bujumbura. Djibril alikuwa na miaka sita, na alikuwa mtu wa kushoto kwa kila kitu: kalamu, kijiko, kofi. Kwa Mama huo ulikuwa ugonjwa wa kutibiwa, kama minyoo. Mkono wa kushoto una kazi yake chooni, na anayekula nao ni shetani. Basi alichana ukanda wa kitenge, na kila wakati wa kula akamfunga mkono ule kiunoni, kwa upole kabisa, kisha akamsogezea sahani. Djibril alilia. Nilipomwambia Mama amwache, alinijibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilipozidi kubisha alikuwa na ya pili tayari, samaki mkunje angali mbichi. Mama yetu ana methali kwa kila kosa lake.

Baada ya mwaka mmoja Djibril alikula kwa kulia kama watu wote. Lakini asipotazamwa, mkono ule ulirudi wenyewe.

Alipofika miaka kumi na mmoja alimpata Dirk. Huyu alikuwa Mflemi, Mbelgiji wa kaskazini, aliyewahi kuwa frère huko Bukavu, Kongo, jirani na kwetu, akauvua utawa, akarudi kwao kufundisha mazoezi shuleni. Kiswahili chake alikuwa nacho bado. Jumapili alikuwa na timu ya besiboli ya vijana kwenye uwanja ulio mwisho wa njia ya tramu, nyuma ya makaburi. Alimpa Djibril mpira bila kumwambia aurushe na mkono gani. Djibril akaurusha kwa kushoto, na Dirk akamwomba aurushe tena.

Miaka mitatu Mama hakujua. Alijua tu kwamba mwanawe anacheza mpira kwa Wazungu, na alilalamika kwamba watoto wa wenzake wanatumia miguu, wa kwake anarusha mawe. Halafu Jumapili moja ya Mei akaamua kwenda kuona. Nilikuwa naye. Djibril alikuwa juu ya kichuguu chake, akainua mguu, ule mkono ukatoka nyuma ya sikio lake, na wazazi wote wakapiga makofi. Mama akaingia uwanjani na kitenge chake na koti lake la baridi, akavuka majani taratibu, mchezo ukasimama, akamshika mwanawe kifundo cha mkono wa kushoto.

Dirk alikuja mbio. "Maman Hawa," alisema, kwa jina analoitwa kwa sababu yangu mimi mwanawe wa kwanza, "miaka yote ya kazi yangu sijaona mukono kama huu. Mutoto wa kushoto katika huu mchezo ni dhahabu."

"Papa Dirk, wewe uliishi kwetu, unajua," Mama alimjibu. "Muntu hapewi kitu na hii mukono. Hasalimiwi nayo. Sasa mutoto wangu anarushia wakubwa mpira nayo, na mnamupigia makofi?"

Kisha akamgeukia Djibril. Hakupaza sauti. "Ukirusha tena na hii mukono, radhi yangu huna."

Mnajua uzito wa neno hilo. Mtoto anaweza kuishi bila viatu, bila baba, bila karatasi za kukaa nchini. Bila radhi ya mama hakuna anayethubutu. Djibril alivua glovu ya kudakia mpira, akaihamishia mkono wa pili, na tangu siku ile hakurusha tena kwa kushoto.

Ilimchukua miaka miwili kujifunza upya. Mipira ya mwanzo ilimwangukia miguuni mwake, wenzake wakacheka, naye akaokota. Alirusha kwenye ukuta wa ghala kando ya mfereji, mvua au jua, mpaka mkono wa kulia ukakubali. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu husema alibarikiwa kipaji. Kipaji kilikuwa mkono mwingine. Huu wa kulia aliuumba mwenyewe kwa ukaidi, na alipofika miaka kumi na saba Wamarekani wakaja kumchukua na mkono huo huo wa kuazima. Mama alishukuru Mungu. Alisema, unaona, ulinisikiliza.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mdogo wangu alisikia, na kilichovunjika ni mkono.

Kiwiko kilikatika akiwa na miaka ishirini na saba, katikati ya mchezo. Walimpasua, akarudi kucheza, kikakatika tena. Mara ya tatu jeraha likafanya usaha, na usaha ulipokwisha kiwiko kilikuwa kimekauka. Unakunjika nusu tu, ule mkono. Unafika kifuani, unakoma hapo. Klabu ikamshukuru kwa barua, mke aliyemwoa Marekani akabaki alikobaki, na Djibril akarudi Brussels na begi moja.

Hakuna daktari aliyesema mkono ulivunjika kwa sababu haukuwa wake wa asili. Mimi nilimwambia Mama hivyo mara kumi. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kuwaza, na mtu akianza kuwaza huwezi kumzuia. Ijumaa moja baada ya sala alimngoja Sheikh Hamissi mlangoni pa msikiti, akamuuliza mkono wa kushoto umekatazwa nini. Alirudi akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Alisemaje?" niliuliza.

"Alisema kula. Kunywa. Kupokea, kutoa, kusalimia." Alihesabu kwa vidole. "Kurusha mupira, alisema, nani alikuambia?"

Hakulia. Alimwita Djibril, akamwambia, "Rusha, baba. Na ile ingine. Nilikosea." Sijawahi kumsikia Mama akisema neno hilo, si kabla wala baada.

Nilifikiri Djibril atakasirika. Mimi ningekasirika, ningevunja vyombo. Yeye aliubusu mkono wa Mama, na asubuhi yake akaenda mferejini, kwenye ukuta ule ule, na mpira katika mkono wa kushoto. Miaka miwili alifanya hivyo kila siku kabla ya kazi. Mama alikuwa haulizi kingine. Habari ya asubuhi yake kwenye simu ilikuwa, "Mukono unasemaje?" Nikaelewa kwamba mwanamke huyu hangoji mwanawe arudi kuwa nyota. Anangoja kuambiwa kwamba hakumuua.

Kitu kimoja tu kilimuudhi. Ijumaa mchana tunakula kwake Saint-Gilles, sinia moja, kama nyumbani, na Djibril tangu arudi hakugusa chakula. Kila wiki ameshiba. Mama alisema ni maringo ya Marekani, ameuzoea uma. Mimi nilijua, kwa sababu siku moja nilifungua mlango wa chumba chake bila kugonga. Alikuwa anakula wali kwa mwiko, ule wangu mrefu wa kusongea ugali, ameushika kwa mbali na mkono wa kulia ili ufike mdomoni ambako mkono wenyewe haufiki. Ule wa kushoto, mzima, wenye nguvu, alikuwa ameuweka mapajani. Nilifunga mlango. Nilinunua mwiko mwingine.

Machi mwaka huu Dirk alipiga simu. Sasa ni mzee, magoti yamekwisha, lakini bado ana marafiki. Klabu moja ya Uholanzi ilikuwa inatafuta mrushaji wa kushoto, na watu wawili wangekuja Jumamosi kumwona Djibril. Mpira ulitakiwa ufike kilomita mia na thelathini kwa saa. Mwezi uliopita Djibril alikuwa amefika mia na kumi na nane.

"Utasikia moto ukiona watu," Dirk alimwambia. "Mwendo inaongezaka, hiyo."

Mama alipika tangu alfajiri: dagaa wa ndagala wa kukaanga, mchicha wa lengalenga, maharagwe, na unga umewekwa tayari ili ugali usongwe tukirudi. Akavaa koti, akasema anakuja. Tukapanda tramu sote watatu hadi mwisho wa njia.

Wale wawili walikuwa watu wa adabu. Dirk alishika kile kifaa cha kupimia mwendo wa mpira, akawa anasoma kwa sauti. Djibril alipanda kichuguu. Mama alisimama mahali pale pale aliposimama siku ile ya Mei, mikono mfukoni.

"Cent dix-neuf," alisoma Dirk. "Cent dix-sept. Cent vingt." Mia na kumi na tisa, kumi na saba, ishirini.

Djibril alivua koti la mazoezi. Nilimwona akisema kitu na mkono, midomo ikisogea, kama mtu anayembembeleza mnyama aingie zizini.

"Cent vingt et un." Dirk alisoma hiyo, mia na ishirini na moja, kwa furaha, na mmoja wa wale wawili akatazama saa.

Mpira wa kumi ulipita juu ya kila mtu, ukaenda kugonga ukuta wa makaburi. Wa kumi na moja ulipiga ardhi. Jasho lilimtiririka kwenye baridi ile, na bado alitaka mpira mwingine, na mwingine, mpaka wale wawili wakamwendea wao wenyewe na kumshika bega. Walisema asante. Walisema, on vous appellera, tutakupigia simu. Tumeishi nchi hii miaka ishirini na mitano, tunajua maneno hayo maana yake nini.

Walipoondoka Djibril alikusanya mipira yote, mmoja mmoja, akaitia kwenye mfuko wa Dirk. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Papa Dirk, nilipokuwa na miaka kumi na minne, huu mukono ulikuwa unafika wapi?"

Dirk alijifanya anahangaika na zipu ya mfuko.

"Niambie."

"Cent vingt-quatre," alisema Dirk. Mia na ishirini na nne.

Mama Kifaransa chake ni cha kubahatisha, lakini namba anazijua, amezitumia sokoni maisha yake yote. Nilimwona akizisikia. Alikaa kwenye benchi na ilibidi tumngoje kabla ya kurudi kwenye tramu.

Nyumbani alisonga ugali. Nilimwambia apumzike, akanisukuma kwa kiwiko. Akaweka sinia mezani, tukanawa, na Djibril akasema, kama kila wiki, "Nimeshiba, Maman."

"Umeshiba nini?" Mama alimuuliza. "Tangu asubuhi umeshiba nini? Leo utakula kwangu."

Djibril akanitazama. Nikamsogezea mchuzi. Akakata tonge kwa mkono wa kulia, akalichovya, akaliinua. Lilifika kifuani. Akainamisha kichwa kulifuata, shingo ikamtoka mishipa, na bado palibaki nafasi ya shibiri moja kati ya tonge na mdomo. Mchuzi ulimtiririka mpaka kwenye shati. Ule mkono wa kushoto ulikuwa mapajani, haukusogea.

"Toka lini?" aliuliza Mama.

"Tangu nirudi."

"Na ile ingine?"

"Kurusha uliniruhusu," alisema Djibril. "Kula hukuniruhusu."

Nadhani sheikh angetuambia kwamba mwenye udhuru hana kosa. Nadhani Mama mwenyewe alilijua hilo, na Djibril pia. Lakini hakuna aliyempigia sheikh simu. Mama alizunguka meza, akauchukua ule mkono wa kushoto kutoka mapajani kwa mikono yake miwili, akauosha upya kwenye beseni, kidole kwa kidole, akaupangusa kwa kitenge alichovaa, akauweka ndani ya sinia.

"Kula nayo," alisema. "Mungu akiuliza, nitajibu mimi."

Djibril akakata tonge. Mkono ule haukujua. Ulikuwa umefungwa kabla ya kuizoea kazi hiyo, na vidole vilivyorusha mipira elfu ngapi sijui vilishindwa kufinyanga ugali kidogo. Ulimeguka, ukamdondokea mapajani, nusu ikafika mdomoni, nusu ikabaki kidevuni. Akakata jingine. Mama alikaa pembeni yake na kuokota vipande vilivyoanguka, mpaka sinia likaisha.