Karibu ya Mfilipino

Juma lililopita niliingia katika hoteli ndogo karibu na gati ya Mwanza, wanapokula makuli kwa senti chache. Mezani alikuwapo Mfilipino, mpishi aliyeletwa na Mzungu wa machimbo ya dhahabu. Mzungu alikwenda zake, yeye akabaki. Amemfundisha mama mwenye hoteli kupika sato kwa ukwaju na nyanya kama kwao, mchuzi mchachu wa kukufumbisha jicho moja, nao unauzwa bei ile ile ya maharage.

Alikuwa akila kwa mkono, peke yake. Kila mtu alipopita, Mfilipino alimsogezea sahani na kusema, "Karibu tule." Kuli mmoja akajibu, "Asante, endelea." Karani akajibu, "Nimetoka kula sasa hivi." Mimi, ambaye tangu asubuhi sikutia kitu mdomoni, nikajipapasa tumbo: "Nimeshiba, ndugu yangu." Akairudisha sahani mbele yake taratibu.

Mlangoni mama akaninong'oneza, "Mwalimu, huyu kila siku anaagiza chakula cha watu wawili. Nimemwambia hapa watu hukataa kwa adabu tu. Akasema hata kwao ni hivyo hivyo, ila kule akikataa mmoja, nyumba ina wengine."

Nilitamani kurudi niketi. Lakini ningerudi vipi, nami nimekwisha kusema nimeshiba? Nikaenda zangu chumbani na adabu yangu, tukala ugali sisi wawili.