Noti Zilizochomwa Kaburini

Qiaolan alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mwaka wa njaa, mumewe alipokufa, alimtoa bintiye Mailian, wa miaka minne, kwa akina Diao wa kijiji cha pili, alelewe huko hadi aolewe na mwana wao. Msimlaumu. Angebaki naye, angemzika. Mama Diao akakataza asimtembelee, mtoto asije akalia.

Jeshi la milimani lilipofika, Qiaolan aliwashonea askari viatu, vidole vikatoka damu, akalipwa noti zao: karatasi za kukwaruza, wino unachuja. Ng'ambo ya mto hazikununua hata kitunguu, lakini kwetu zilipita. Mama Diao akakubali: alete noti za magunia mawili ya mtama, amchukue mwanawe.

Zilipotimia tu, askari wa serikali wakarudi. Aliyekutwa na noti za milimani alipigwa hadi akojoe damu. Qiaolan akazichomeka katikati ya furushi la karatasi za wafu, zile tunazowachomea marehemu wapate cha kutumia huko waliko. Askari gani atapekua pesa za maiti? Kweli, hawakugusa. Nilimsifu, mjinga mimi.

Siku ya kusafisha makaburi, askari walitukamata alfajiri, mimi naye, tukawachimbie mahandaki. Mama mkwe wake, aliyeishi naye, haoni vizuri kwa mtoto wa jicho, hakumngoja. Kaburi huhudumiwa kabla ya adhuhuri. Tulipoachiwa, tulimkuta anashuka kilimani, magoti yamejaa udongo, anatabasamu.

"Mwanangu leo tajiri!" akasema. "Kila mwaka nampelekea vikaratasi viwili vitatu, utadhani ombaomba. Leo nimechoma furushi zima!"

"Zima, mama?"

"Zima! Mbona unauliza kama bahili? Si mumeo huyo?"

Qiaolan akamshika mkono. "Umefanya vyema, mama. Alikuwa na shida."

Nilitaka kupiga ukunga. Qiaolan akanikanyaga mguu. Bibi yule alizikwa bila kuambiwa, na mimi nisingeweza kunyamaza hivyo, nasema kweli.

Jeshi la milimani liliporudi, ilimchukua miaka mitatu ya viatu kuzipata tena. Nilimsindikiza kwa akina Diao. Uani tulimkuta msichana anapepeta mtama, nyusi ni zile zile za Qiaolan. Qiaolan akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakimtiririka.

Msichana akatutazama, akafuta mikono, akaita ndani:

"Mama! Kuna shangazi mmoja hapa, analia. Nimwambie nini?"