Ushanga wa Mueni Ndani ya Bunduki

Kwa miaka mingi Kamanthe alimwona mumewe akitembea chini ya maji. Haikuwa ndoto ya usingizini. Ilimjia mchana kweupe, akipalilia kunde au akipepeta mtama, macho yakielekea bwawa la Masinga. Alimwona Muindi katika koti lake la kazi, akipita polepole kwenye mashamba yaliyofunikwa bwawa lilipojazwa, bunduki begani, samaki wakimpisha njia. Kisha mbuzi angelia au jirani angemwita, na maji yangekuwa maji tu tena.

Muindi alikuwa askari wa mifugo katika ranchi moja ng'ambo ya pili. Walimpa bunduki kuukuu ya kutishia simba na wezi. Siku moja mwaka wa themanini na tatu, ng'ombe waliibwa, naye akapanda mtumbwi peke yake kuwafuata. Alasiri hiyo upepo ulivuma vibaya. Hakuonekana tena, si yeye, si mtumbwi, si bunduki.

Haukupita muda watu wakaanza kusema. Mmoja alidai amemwona huko Kyumbi, amevaa viatu vipya. Mwingine akaapa kwamba bunduki imeuzwa kwa majangili na Muindi ameoa mke mwingine Athi River. Aliyeyabeba maneno hayo mbali zaidi ni Ngina, mke wa kakake Muindi mwenyewe. Basi hakukuwa na matanga, kwa sababu mtu aliyetoroka haliliwi. Kamanthe alizoea kukaa kiti cha nyuma kanisani. Binti yake Mueni, aliyekuwa na miaka minne baba yake alipopotea, alikua akiitwa mtoto wa mwizi wa bunduki. Alipopata nafasi ya kushona nguo kiwandani Athi River, alikwenda, na hakuwahi kumuuliza mama yake neno lolote juu ya baba.

Mwaka wa elfu mbili mvua ilikataa. Bwawa lilirudi nyuma, likarudi tena, hata nchi ya zamani ikatokea: vigingi vya maboma, visiki vyeupe kama mifupa, vijia vilivyokuwa vikienda mtoni. Kamanthe alishuka akatembea juu ya tope lililopasuka. Akayakuta mafiga matatu ya jiko la mama yake, kwenye boma alikozaliwa, yamekaa vilevile kama yaliyoachwa jana. Akaketi juu ya figa moja. Jua lilitetemeka mbele yake, na kwa muda mrefu hakujua kama yuko juu ya maji au chini yake. Kitu kimoja tu alikijua: moyo wake ulikuwa umetulia, kama mtu aliyefika nyumbani na kusikia mwenzake yuko chumba cha pili.

Siku chache baadaye, mvuvi mmoja aitwaye Mutua alikuwa akivuta wavu ulionasa topeni. Ukaja na bunduki. Aliipeleka kwa chifu, chifu akaikabidhi kwa polisi. Namba ilikuwa imeliwa na kutu. Kabla ya kuiharibu, polisi waliipeleka Machakos mjini kwa Zubair, fundi aliyetengeneza mbao za bunduki za watu wenye leseni, aangalie kama ina alama nyingine. Zubair alifungua kifuniko cha shaba kwenye kitako cha bunduki. Ndani, katika kitambaa kilicholowa mafuta, mlikuwa na ushanga wa mtoto.

Polisi waliurudisha kwa chifu, naye akaita baraza, akauinua ushanga ule juu.

"Nani anajua hii?"

Watu walinyoosha shingo. Kamanthe aliinuka kule nyuma.

"Hiyo nilitunga mimi," alisema. "Ilikuwa ya kiuno ya Mueni akiwa mdogo. Nyeupe na buluu. Nyeupe zikanipungukia, nikamalizia na moja ya kijani. Angalia hapo kwa fundo."

Chifu aliusogeza karibu na macho. "Kijani iko," akasema polepole.



"Kwa hivyo hakuenda mahali," sauti moja ilisema.

"Alikuwa hapa," Kamanthe akajibu. "Miaka hii yote, alikuwa hapa tu, kwa maji."

Mueni alipopata habari aliomba ruhusa kazini. Wakaenda pamoja Machakos kwa Zubair, kwa maana Kamanthe alitaka kuiona mikono iliyoufungua mlango ule mdogo. Zubair aliwapa viti, akawaletea chai.

"Poleni sana, mama," alisema. "Tundu lile ni la kuwekea mafuta na tambara. Lakini nimekuta mengi humo katika bunduki za wazee. Jino la mtoto. Nywele zilizofungwa uzi. Mara moja nilikuta kijikaratasi kimeandikwa neno moja tu, 'Rudi'. Mtu akikaa porini peke yake, anataka kitu cha kwao karibu na shavu lake."

Kamanthe aliuchukua ushanga. "Mimi nilifikiri umepotea," alisema. "Nilimgombeza huyu mtoto siku nzima. Kumbe baba yake alikuwa ameiba!" Akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Jumapili iliyofuata, ibada ya Muindi ilifanywa ukingoni mwa bwawa. Ngina alikuja amejifunga leso kichwani, akasimama mbele ya watu wote.

"Mama Mueni, nilisema maneno mabaya. Nilisema mpaka mimi mwenyewe nikaamini."

"Kaa chini tumlilie ndugu yetu," Kamanthe alimwambia. Ngina akaketi kando yake.

Walipokuwa wakipanda kurudi nyumbani, Mueni alimshika mama yake mkono.

"Mwaitu, baba alikuwa anaongea namna gani?"

Kamanthe alisimama njiani kufikiri. Kisha akaanza kumsimulia: sauti nzito, ya taratibu, ya mtu asiyeharakisha neno, alivyowaita ng'ombe kila mmoja kwa jina, alivyopiga mluzi kabla hajafika mlangoni ili asiwashtue. Walitembea polepole, na alipomaliza jambo moja, Mueni alimwomba jingine.