Pikipiki Iliyomleta Mama

Mdogo wangu alikufa alfajiri, hospitalini, siku moja tu baada ya kuanguka mazoezini. Hakugongwa na mtu. Alikuwa anaufukuza mpira, akasimama ghafla kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akaanguka. Daktari alisema ni moyo. Mtaani kwetu walisema ni jeneza.

Kasongo, mji wetu, ina timu kadhaa za mpira, lakini ukweli ni kwamba ina mbili tu: njano na kijani. Sisi wa mtaa wa juu ni njano. Wa mtaa wa chini ni kijani. Wiki ya mechi yao, kila upande huunda jeneza la mchezo kwa vigogo vya migomba, ukalifunika kitambaa cha rangi ya wapinzani na kulizungusha mjini, wanaume wazima wamejifunga vitenge vya wake zao, wanajigaragaza chini wakilia kilio cha uongo. Tunacheka mpaka mbavu zinauma. Mwaka ule kijani walibandika namba tisa juu ya jeneza lao. Tisa ilikuwa namba ya mdogo wangu, na siku tano baadaye alikuwa maiti.

Jua lilipotoka, vijana wa njano walishajaa uani kwangu, baadhi na fimbo mkononi. Mjomba wangu, kaka yake mama, alisimama mbele yao akasema atakayempiga mtu asikanyage kaburini. Nilimkasirikia. Mimi nilitaka waende. Mtoto yule nilimbeba mgongoni, akaja kuishi kwangu ili asome, akavunja vikombe vyangu vyote kwa mpira wa matambara, na sasa nilikuwa naambiwa nitulie.

Kabla vijana hawajaamua, kijani wakaja wenyewe. Mbele alikuwa kiongozi wa mashabiki wao, muuza nyama mnene ambaye kwenye mechi huwa anapuliza baragumu mpaka macho yanamtoka. Alikuwa amevua kofia. Nyuma yake barabara ilijaa mpaka kanisani, na wote walikuwa wanalia.

“Yaya,” akaniambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, “ile jeneza ilikuwa muchezo. Hata nyinyi munaitengenezaka. Huyu mutoto alitufunga magoli mpaka tukachoka, lakini siye wote tulikuwa tunakuja kumuangalia yeye.”

Kijana mmoja wetu alimsogelea na fimbo. Nikasubiri. Akaitupa fimbo chini, akamkumbatia muuza nyama, na wakalia mabegani mwa wenzao hivyo hivyo, njano na kijani. Kufika mchana walikuwa wanachimba kaburi kwa zamu, na wanawake wa mtaa wa chini walikuwa jikoni kwangu wanatwanga sombe, majani ya muhogo ya kuwalisha waombolezaji. Watu wa Kasongo mpaka leo wanaisifia siku ile. Sisemi ilikuwa mbaya. Nasema tu kwamba niliwatazama wakipatana na roho yangu ikakataa kupatana nao.

Ilibaki shughuli ngumu kuliko kaburi. Mama yetu alikuwa kijijini Wamaza, shambani kwake, hajui kitu. Kwetu mama haambiwi njiani kwamba mwanawe amekufa. Anaambiwa mtoto ni mgonjwa, aje upesi. Akifika anaingizwa ndani, anakalishwa kwenye mkeka, anapewa maji, wanawake wanamzunguka na kumshika mikono, halafu ndipo mmoja wa damu yake anamwambia. Hiyo si desturi ya bure. Kuna mama mmoja wa jirani aliambiwa akiwa juu ya pikipiki, akajirusha, na hadi leo anachechemea. Nikaapa kwamba mama yangu hatajua mpaka awe mikononi mwangu. Nilikuwa nimeshindwa kumlinda mtoto aliyenipa. Hilo moja nilitaka kulifanya vizuri.

Tuliwapigia simu jirani zake wa Wamaza, tukawasihi wafunge midomo. Lakini nani amlete? Madereva wetu wa njano walikuwa na macho mekundu, sauti zimekauka. Mama angewasoma kabla hawajazima pikipiki. Ndipo dereva mmoja wa kijani akajitokeza, mwembamba, wa makamo, na nilimjua mara moja: wiki iliyopita alikuwa ameshika kona ya mbele ya lile jeneza.

“Mama hanijue,” alisema. “Hatasoma kitu mu sura yangu. Mimi nitamuleta.”

“Ukimwambia mu njia?”

“Yaya, sitamwambia.”

Sikuwa na mtu mwingine. Nikamkabidhi mama yangu mtu niliyekuwa namchukia, nikampa na kitenge kizito cha kumkinga mama na vumbi.

Dereva alilala Wamaza kwa sababu ya mvua. Kesho yake maiti haikuweza kusubiri zaidi ya mchana, na mjomba alikuwa anatazama jua kila dakika. Mimi nilipanga kila kitu. Niliwakataza wanawake kulia. Niliondoa viti uani. Nilituma neno kwa mashabiki wote: asisikike mtu, asiimbe mtu, wala baragumu lisipulizwe, mpaka mama aingie ndani. Nao walitii. Katika maisha yangu sijawahi kuona mashabiki wa Kasongo wakitii namna ile.

Tena walitaka kumheshimu mama. Ilipokuja habari kwamba pikipiki imevuka daraja, walitoka wenyewe wakajipanga kando ya barabara, kutoka kanisani hadi karibu na mlango wangu. Walikuwa wamevaa jezi zao, wamechanganyika, njano, kijani, njano, kijani, kofia mikononi, kimya. Hakulia hata mmoja. Niliwaona kutoka mlangoni, na kwa mara ya kwanza moyo wangu ulilegea kwao. Nilijisemea, kumbe wana utu.

Pikipiki ikatokea. Mama alikuwa nyuma ya dereva, amejifunika kile kitenge, ananyoosha shingo kutazama watu. Dereva aliendesha polepole, uso mkavu, kama alivyoahidi. Wakawapita wa kwanza, wakawapita wa pili. Mbele ya kanisa nikaona mkono wa mama unampiga dereva bega, mara moja, halafu tena kwa nguvu. Pikipiki ikasimama.

Nilikimbia. Nilimsikia dereva anasema, “Mama, bado, nyumba iko mbele,” na mama alikuwa ameshashuka. Mama yangu hajui kusoma, lakini mpira alikuwa anaujua kwa sababu ya mwanawe. Alijua kwamba njano hanunui hata chumvi kwa kijani, kwamba watu hawa, mechi ikikaribia, hata kanisani wanakaa mbalimbali. Akamtazama muuza nyama, akamtazama kijana wetu aliyesimama bega kwa bega naye.

“Nani amewasimamisha pamoja hawa?” akauliza.

Dereva alizima pikipiki.

“Ninyi mulikuwa munapiganaka,” mama akawaambia, bila kupaza sauti. “Mutoto wangu amekufa lini?”

Watu wote wale, pande zote mbili za barabara, na hakuna aliyemjibu. Walikuwa wametii. Nilifika nikihema, bila mkeka, bila maji, bila wanawake wa kumshika.

“Jana alfajiri, mama,” nikasema.

Alikuwa amekumbatia kuku mweupe, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Alimleta ili tumpikie mgonjwa mchuzi. Akanipa nimshike, kisha akaweka mikono yake yote miwili kichwani.