Methali za Mwalimu Maduhu Zilivyofungiwa Karanga

Saa mbili asubuhi, katika duka la uchapaji Shinyanga mjini, Melania Stanslaus anachapa kadi ya harusi, jicho moja liko mlangoni. Kofia ya pama ikipita barabarani, anainama chini ya meza na kujifanya anatafuta waya.

"Namkwepa Mwalimu Maduhu," anasema mama huyu wa watoto watatu. "Naona aibu, dada yangu, mpaka nasikia homa."

Mwalimu Maduhu, mstaafu wa kijiji cha Didia, alikusanya methali na vitendawili vya Kisukuma kwa miaka kumi na tisa. Melania alimchapia kurasa 412. Zilibaki ndani ya kompyuta, zikisubiri kutolewa kwenye karatasi kazi ikiisha.

Machi mwaka huu wa 1999, mwenye duka, Bwana Jashvant, alileta kompyuta mpya. Melania akaambiwa ainakili ile ya zamani, diski nzima, iingie kwenye mpya. Kompyuta ikauliza: kutoka diski ipi, kwenda ipi? Akajibu kinyume. Utupu wa mpya ukafuta vyote vya zamani.

"Nilikaa naangalia asilimia zinapanda, najipongeza! Kumbe nafuta!"

Usicheke, msomaji. Utauliza, si madaftari aliyoyaandika mzee kwa mkono yapo? Hapo Melania anafunika uso kwa kanga. Dukani hapo, karatasi zikishachapwa hupewa Mama Limi, muuza karanga wa barazani, afungie.

"Mji mzima umekula karanga kwenye methali zake," anasema.

Kwa wiki tatu amemwambia mzee kompyuta inaumwa. "Na ananipa pole! Eti, 'Usiichoshe, mwanangu.' Bora angenitukana."

Jumamosi tunakwenda naye Didia. Anapiga magoti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mayu," anamwita 'mama' kwa Kisukuma. "Imepona?"

Anamweleza yote, hata karanga.

"Hata daftari la mama yangu?" anauliza mzee. "Vile vitendawili alivyonitajia akiwa kitandani, anaumwa."

"Hata hilo, Mwalimu. Nisamehe."

"Mama hayupo. Na mimi vingine nimeshavisahau."

Hagombi. Melania analia waziwazi, kisha anatoa daftari jipya mkobani. Anaomba aje kila Jumamosi, mzee ataje anavyokumbuka, yeye aandike. Mzee anakubali kwa kichwa. Hadi jioni wanapata vitendawili saba. Melania anatumaini kufika mia kabla ya mvua za vuli.

Anapotaka kulirudisha daftari mkobani, Mwalimu analichukua, analifungia sandukuni na kutia ufunguo mfukoni.

"Ana haki," Melania ananiambia njiani. "Jumamosi nitarudi."